Mshono wa Mara Tatu

Mshonaji alijisifu kupita kiasi, na leo anakiri mwenyewe. Mdogo wake, mwoka mikate, alikuwa na suruali ya mpira yenye mabuti yake humohumo. Mshonaji akaiunganisha na koti lake la mpira pale kiunoni, mshono wa mara tatu, uzi wa nailoni. "Hapa haliingii hata tone, wala hapafumuki!" Mdogo mtu akacheka, akamuuliza kama hata kulala analala na ule mkasi wa kukatia nyuzi aliozoea kuuning'iniza shingoni.

Basi asubuhi moja ya majira ya machipuko, barafu imeyeyuka juzijuzi tu, wakaingia ziwani na kayaki yao, kimtumbwi chembamba cha watu wawili. Ziwa kimya, maji mafupi. Mbali na ukingo, kayaki ikanasa kwenye tope.

"Maji yenyewe ya magotini. Nashuka nisukume," mdogo mtu akasema.

"Thubutu! Hebu kaa hapo!"

Wapi! Kashashuka. Akazama hadi mapajani, akajaribu kuchomoa mguu, akazama hadi kiunoni. Utani ukamwisha. "Dada, miguu siisikii. Dada!"

"Usijivute! Lalia kayaki, kifua chote."

Dada akamshika makwapani, akavuta mpaka macho yakamtoka. Hakusogea. Tope limeshika mabuti, mabuti yameshika suruali, suruali imeshika koti, na aliyeyashikanisha yote ni nani? Ukingoni hapakuwa na mtu. Mama yao alikwenda zake zamani akawaacha wao wawili tu, na sasa huyu midomo inambadilika rangi.

Akauvuta mkasi shingoni, akaingiza mikono majini, akaanza kukata kwa kupapasa. Mshono wa kwanza ukaachia. Wa pili akajikata kidole, wala hakusikia maumivu. Wa tatu ukagoma. Akaulaani uzi, akailaani mikono yake, akakata nyuzi mojamoja huku akilia.

Maji yakaingia ndani ya suruali kwa kishindo, mdogo wake akapiga ukelele. Akavuta tena, na safari hii akaja mzimamzima, na chupi yake ya maua, juu ya kayaki. Suruali ikabaki humo topeni.

"Hata tone, eti," mwoka mikate akasema, meno yanagongana.

"Nyamaza, mjinga wewe!" Akamkumbatia kwanza, akamvika sweta lake, ndipo akatafuta kasia.

Tangu siku hiyo, nguo yoyote anayomshonea mdogo wake huitia vifungo, hata iwe ya kulalia.