Laini ya Pili ya Bibi Apolonia

Joto lilibana ndani ya ukumbi wa kata, lakini si hilo lililomnyima Violeth utulivu. Alikunja miguu, akaikunjua, akaishika simu, akairudisha mapajani. Mbele, mwanasheria Theresia, aliyekuja kutoa elimu ya sheria, alikuwa amekwisha kuwaeleza vijana wa bodaboda habari za kubeba mizigo ya bangi. Sasa alikuwa kwenye utapeli wa simu.

"Anayetuma ujumbe wa uongo ana kesi yake," alisema. "Na aliyesajili laini ile kwa kidole cha mtu mwingine naye ana yake. Ukijitetea kwamba hukujua laini inakwenda wapi, usidhani ndiyo umepona."

"Basi mtatumaliza mtaani!" kijana mmoja alidakia, wenzake wakacheka.

Violeth hakucheka. Tangu amalize kidato cha nne aliuza laini chini ya mwavuli karibu na stendi ya Ifakara. Vidole vya wakulima wa mpunga vimelika kwa jembe, mashine huvikataa. "Weka tena, haijasoma," huwaambia, na mara nyingi ni kweli. Siku nyingine haikuwa kweli. Kidole kikirudi, ilisajiliwa laini nyingine kwa jina la mkulima yule yule, ya Fridolin, jamaa aliyekuwa akipita jioni kuzinunua. Violeth hakuwahi kumuuliza za nini.

Watu walipoanza kutoka, bibi mmoja alimshika mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ninyi vijana mnazijua simu. Mimi Apolonia, natoka Mkula. Polisi wameniita, eti namba yangu imemtapeli mtu wa Malinyi. Mimi hata kuandika ujumbe sijui!"

Bibi hakumkumbuka. Violeth alimkumbuka vizuri. Ndiye aliyemwachia ndizi mbivu mezani siku ya kusajili laini, akimshukuru kwa uvumilivu wake.

Akaichukua simu ya bibi, akabonyeza namba za kuhakiki usajili. Laini mbili.

"Hii nyingine ya nani?" bibi aliuliza.

Violeth alisogea pembeni, akampigia Fridolin na kumweleza habari ya bibi na polisi.

"Zima simu, dada, upotee kidogo," Fridolin alisema. "Yule ni kikongwe, watamfanya nini? Akilia kidogo watamwachia."

Violeth alikata simu. Alisimama akitazama bodaboda zikiondoka moja moja, akijua angeweza kupanda yoyote. Kisha akarudi kwa bibi.

"Twende polisi, nitakusindikiza."

Njia nzima bibi alimwombea baraka. Violeth alitembea haraka mno, akisimama kumngoja, akienda haraka tena.

Kituoni askari wa zamu alimtazama. "Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye niliyemsajilia, afande. Laini zote mbili. Ya pili hakuijua."

Bibi Apolonia aligeuka. Alimtazama usoni muda mrefu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

Askari alimwonyesha Violeth benchi na kumtaka asitoke. Bibi akaandikisha maelezo yake, akaambiwa anaweza kwenda nyumbani, ataitwa akihitajika.

Barabarani kondakta wa basi la Kidatu, lipitalo Mkula, alikuwa akiita abiria. Bibi alifika mlangoni pa kituo, akasimama. Honi ikalia. Akahamisha mfuko wake kutoka mkono huu hadi mkono ule, akabaki pale kizingitini, mgongo wake ukimwelekea Violeth, asitoke wala asirudi ndani.