Mraba wa Genival

"Seridó nzima hakuna mtu asiye na kinyongo kama mimi," Odila aliwatangazia wapima ardhi wenzake, mdomo umejaa tapioka. "Genival? Nilishamsamehe zamani. Hata sura yake siikumbuki."

"Basi mraba wake utaupima wewe," akasema Teotônio, mkuu wa kikosi.

Odila aliudaka mraba ule kama fisi aliyetupiwa mfupa.

Sura aliikumbuka barabara, mpaka ule upara. Genival ndiye aliyelipua kwa baruti jabali la kwao, lenye mashimo yaliyokinga maji ya mvua tangu enzi za babu, akalikatakata kuwa meza za jikoni za watu wa mjini. Mama yake Odila akabaki na ndoo kavu. Akaenda mjini kufua nguo za watu, na huko huko akafia. Sasa Genival alikuwa ameelekeza baruti kwenye jabali la mwisho, lililokuwa shambani kwake mwenyewe.

Kikosi kilikuwa kimeigawa nchi kwa miraba, na katika kila mraba kikihesabu aina za miamba, sura za ardhi na aina za udongo. Mraba wenye aina nyingi ulipakwa rangi nyekundu kwenye ramani, na palipo pekundu baruti ni marufuku. Mraba wa Genival ulipungukiwa na aina mbili tu za udongo ili uwe mwekundu.

Mbili tu! Odila akaona kumwachia Genival jabali kwa upungufu huo ni dhambi.

Asubuhi ya Jumapili alifika nyuma ya jabali na mifuko miwili: udongo mwekundu wa kilimani, na mweusi wa bondeni. Teotônio angekuja mchana kuchokoa mwenyewe mashimo yaliyochimbwa kupimia udongo. Odila akamimina mwekundu kwenye shimo la kwanza, akaushindilia kwa kijiti taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji.

"Kula, baba, kula," akanong'ona. "Utaamka kila siku ulitazame jabali lako kama mwenye vidonda vya tumbo anavyotazama nyama choma. Na hutaligusa! Utakonda, Genival. Utakonda mpaka suruali ikukimbie."

Akacheka peke yake. Akafungua mfuko wa pili.

"Hilo shimo linakula sana," ikasema sauti juu yake.

Odila akainua kichwa. Dona Quitéria, mama yake Genival, alikuwa amechuchumaa juu ya jabali, kando ya shimo la maji, nguo zilizolowa zimejaa mikononi.

"Dona Quitéria! Shikamoo, mama. Mimi... nafukia tu, ng'ombe wasije wakavunjika miguu."

"Kwa udongo wa kuja na mfuko?"

"Huu wa hapa umeisha, mama."

Bibi akaitazama ile mifuko, akamtazama Odila, akakamua shati la mwanawe polepole mpaka tone la mwisho. Kisha akageukia nyumbani.

"Genivaaal! Acha kahawa, njoo! Na huyo Teotônio uliye naye mezani, njoo naye!"