Nguzo ya Mlango wa Dada

Walimwita Fundi Timazi kwa sababu timazi yake, ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni cha kupimia ukuta ulionyooka, haikumtoka mfukoni hata akienda kunyolewa. Watu walisema ukisimama naye vibaya atakuambia umepinda.

Asubuhi hiyo, lakini, macho yake yalikuwa kwenye kioo. Kipande chembamba, urefu wa kidole, alichokibandika jana kwa jipsamu kwenye nguzo ya duka la dada yake, kikiwa kimevuka ufa mwembamba kama unywele. Mafundi hukiita shahidi. Nguzo ikisogea hata kidogo, kioo hakijui kuvumilia, kinakatika.

Jengo lenyewe lilikuwa kuukuu, la ghorofa mbili, na lilikuwa linabadilishwa sura. Maua ya saruji ya mbele yalishabanduliwa. Mahali pake ingefungwa fremu ya chuma kwa bolti, kisha paneli za kijivu zinazong'aa. "Bibi anapakwa poda," Timazi alitania siku ya kwanza, na kila mtu akacheka. Wapangaji wa chini waliambiwa waendelee na kazi zao humo humo.

Drili zilikuwa zimeshatoboa nguzo mbili. Iliyofuata ni ya dada.

"Fundi," aliuliza msanifu, yule binti aliyechora sura mpya, "hii naambiwa uliipiga lipu wewe. Iko salama?"

"Hiyo? Hiyo ni jiwe, mwanangu."

Mdomo ulijibu kabla yake. Maana miaka kumi na miwili nyuma nguzo ile ilikuwa na ufa wa kuingiza vidole viwili, na dada alikuwa anafungua duka kesho yake. Kuivunja, kufunga nondo na kumwaga zege upya ni kazi ya siku nne. Timazi akashindilia makaratasi ya mifuko ya saruji, akapiga lipu juu, laini kama shavu la mtoto. Dada akamsifu mtaa mzima.

"Tuanze upande ule kwanza," alisema. "Huku jua kali."

"Tangu lini drili ikaogopa jua?" Msanifu alishampungia mkono mtu wa juu ya jukwaa.

Timazi akaingia dukani mbio. Dada yake alikuwa amejiinamia kwenye cherehani, sare za shule zimemzunguka kama kichuguu.

"Dada, toka nje kidogo."

"Nitoke niende wapi, na sare arobaini hizi?"

"Vumbi."

"Nitafunga dirisha."

"Dada, ile nguzo…"

"Nguzo gani? Hii uliyonipigia wewe?" Akacheka. "Jengo zima lianguke, mdogo wangu, watanikuta hapa hapa nimeikumbatia nguzo yako. Hebu nipishe mwanga."

Nje, drili ikalia.

Timazi akarudi nje. Nguzo ilikuwa inatetemeka, na vumbi la chokaa lilianza kumwagika kutoka kwenye lenta, ile boriti ya juu ya mlango, taratibu, kama unga kwenye chekeche. Akakitazama kioo.

Tik.

"Simamisha! Simamisha we!"

Mtu wa jukwaani alikuwa ameziba masikio. Timazi akauvamia waya wa umeme, akaung'oa ukutani. Kimya.

"Nini?" Msanifu alikuja mbio. "Ni shoti?"

Ndiyo hiyo, njia imefunguka yenyewe. Aseme shoti, apate nusu saa ya kubuni jingine. Humo ndani cherehani ikaanza tena, tr-tr-tr, ya mtu asiye na wasiwasi na mdogo wake.

"Si shoti," alisema. Akapaza sauti ili imfikie anayestahili. "Nguzo hii ina ufa mpaka ndani! Nilishindilia makaratasi, nikapiga lipu juu. Mimi mwenyewe. Dada, toka!"

Cherehani ikanyamaza.

Dada alitokea mlangoni, futi ya kupimia shingoni. Timazi akamvuta mkono mpaka ng'ambo ya barabara, naye akafuata bila kubisha.

Mafundi wakakimbiza mirunda, yale magogo ya kuegemezea, wakaitegemeza lenta. Ilipofika mchana, lipu ikabanduliwa. Makaratasi yakatoka makavu, konzi kwa konzi. Msanifu akatumbukiza mkono, ukazama mpaka kwenye kifundo.

"Bolti zangu nne," alisema polepole. "Na paneli zote za juu. Ulijua, Fundi?"

"Nilijua."

Dada aliokota karatasi moja, akaigeuza, akaitupa.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," Timazi alijaribu. "Mimi ufa nimeziba, na ukuta najenga vilevile."

Hakuna aliyecheka. Dada akamwomba mtu wa jukwaani amtolee kigoda chake ndani. Akakiweka mbele ya nguzo, mbali na mirunda, akakaa.

"Siku ngapi?"

"Nne."

"Zile zile."

"Zile zile, dada."

"Haya. Jenga nikiona."

Timazi akatoa timazi mfukoni, akaishusha. Kamba ikacheza kushoto, ikacheza kulia, ikakataa kutulia. Dada alikunja mikono, akaikodolea macho ile kamba, akangoja.