Wagonjwa Nisiowajua

Bernadeta alilima kabichi na karoti kule Mgeta, na hakuna aliyemshinda kupanda mlima na tenga kichwani. Mwaka jana homa ikamwingia. Ilikuja jioni, ikamtoa jasho mpaka shuka zikalowa, ikaondoka, ikarudi. Kiuno na magoti vilimuuma hata jembe akaliogopa. Zahanati walimpa dawa ya malaria, baadaye ya taifodi, asipate nafuu. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa.

Mumewe, Laurenti, akampandisha kwenye lori la mboga, wakashuka Morogoro mjini.

"Shikamoo mama," alisema daktari kijana aliyewapokea hospitalini, Evance.

"Marahaba, mwanangu."

Aliuliza maswali mengi, akaingiza majibu kwenye kompyuta, akasoma ushauri uliotokea.

"Mama, mnafuga?"

"Mbuzi wa maziwa."

"Kuna aliyetupa mimba?"

Mume na mke wakatazamana. "Wawili," alijibu Laurenti. "Umejuaje, daktari?"

"Na maziwa mnachemsha?"

"Ya chai tu. Mengine tunakunywa vivyo hivyo."

Evance akawaeleza. Programu iliyokuwa kwenye kompyuta ile ilifundishwa kwa taarifa za wagonjwa wengi waliotangulia, majina yao yakiwa yameondolewa. Ilikuwa imelinganisha homa ya Bernadeta na zao, ikahisi brusela, ugonjwa utokao kwa mifugo. "Lakini yenyewe inashauri tu. Tupime damu."

Damu ikathibitisha. Bernadeta alimeza vidonge kwa wiki kadhaa, huku Laurenti akichemsha maziwa yote na kumwita bwana mifugo awapime mbuzi. Homa ikapungua, ikakoma.

Bernadeta aliporudi hospitalini kuangaliwa, alimbebea Evance karoti, lakini alikuwa na swali pia.

"Hao waliotangulia, wote walipona?"

Evance akaziweka karoti mezani. "Si wote, mama. Wengine tulichelewa kuujua ugonjwa wao."

Machozi yakamlengalenga Bernadeta. "Basi na mimi niwekeni humo kwenye programu. Atakayekuja na homa kama yangu asihangaike."

Jumapili iliyofuata aliwahi kanisani, akamwendea katekista Kasimiri kuandikisha nia ya misa.

"Ya shukrani," alisema, "na kuwaombea wagonjwa."

"Nitajie majina, mama."

"Siyajui. Najua tu kwamba waliugua kabla yangu, wakanisaidia."

Kasimiri akaandika hivyo hivyo. Padre naye akaisoma hivyo hivyo, na kanisa zima likaitikia.