Upande wa Pili wa Kadi

Nimepiga taipu ofisini miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna bosi aliyenirudishia barua kwa sababu ya neno. Sisemi hivi kwa kujisifu. Haya, labda kwa kujisifu kidogo. Nilipostaafu, mdogo wangu wa kiume aliniomba jambo moja tu: nimnoe binti yake kwa mtihani wa kuingia shule ya kati ya bweni, ile yenye nafasi thelathini na maktaba ya ghorofa mbili. Akikosa, ataenda shule ya mtaani kwetu, ambako wanafunzi themanini wanabanana darasa moja na mwalimu wa sayansi huja akijisikia. Mtoto mwenyewe siku walipotembezwa kwenye ile ya bweni alirudi akiwa ameshachagua kitanda, cha karibu na dirisha.

Nyumbani tulimwita Chiriku. Ukikaa naye dakika tano huhitaji kuelezwa kwa nini. Hesabu alikuwa anazila kama karanga, ufahamu haukumsumbua, ila visawe vilimtoa jasho. Ukimwuliza kisawe, anakupa hadithi.

"Kisawe cha hasira?" namwuliza.

"Ile ya mama akikuta sufuria imeungua."

"Chiriku! Neno moja!"

"Sufuria."

Visawe vilikuwa na alama ishirini katika mia, na kwa mwendo ule zingeondoka zote. Nikaamua tutumie kadi. Kila kadi naandika neno na chini yake visawe vyake. Tunakaa ana kwa ana kwenye meza ya chakula, nashika kadi maandishi yangu yakinielekea mimi, nasoma neno, yeye anajibu. Akipatia, kadi inakwenda rundo lake. Akikosea, inarudi kwangu na jicho kali juu.

Karatasi tulizipata bure. Mdogo wangu ni mkataji katika kiwanda cha uchapaji, na kila Ijumaa wafanyakazi wanaruhusiwa kuondoka na furushi la mabaki, yaani karatasi zilizoharibika zikiwa zimechapwa upande mmoja: kalenda zilizokwenda upogo, lebo za dawa ya kikohozi, kadi za harusi za watu waliokosewa majina. Nilimwagiza anikatie za saizi ya kiganja, upande mweupe uwe juu. Akaliweka furushi zima chini ya kisu cha mashine, upande mweupe juu kama nilivyosema, akashusha kisu mara nne. Mkataji akiwa kazini hasomi kilichoandikwa. Anaangalia kingo zimelingana au hazikulingana, basi. Nami nikaandika upande mweupe bila kuugeuza ule mwingine, maana nani ana muda wa kusoma lebo za dawa ya kikohozi?

Tukaenda hivyo miezi sita. Kadi zikichakaa, naletewa nyingine. Furushi la mwisho lilikuja mwezi mmoja kabla ya mtihani, na ni kama lilikuja na baraka zake, kwa sababu Chiriku alibadilika ghafla. Aliacha hadithi. Alikuwa anakaza macho kwenye kadi mkononi mwangu na kujibu neno moja, kimya, kama mtu mzima. Nilimwambia wifi yangu, mama yake, kwamba mtoto amekomaa. Nilivimba kichwa hata nikaanza kumsimulia jirani.

Jumamosi moja, siku tisa kabla ya mtihani, nilifika mapema. Wifi alikuwa sokoni, mdogo wangu kazini, Chiriku ametumwa dukani. Nikajimiminia chai, nikazitoa kadi mkobani, na kwa haraka zangu nikakigonga kikombe kwa kiwiko. Chai ikamwagika juu ya rundo. Nikazinyanyua mbiombio, nikaanza kuzipanga mezani zikauke, zile zilizolowa upande wa nyuma nikizilaza kifudifudi.

Ndipo nikasoma: "Sehemu ya Tatu. Andika kisawe cha kila neno lililopigiwa mstari."

Nilidhani ni mwandiko wangu. Nikasoma tena. Zilikuwa herufi za kiwandani, nyeusi, zimenyooka. Juu yake, pembeni, nusu ya nembo ya shule ya bweni. Nikageuza kadi ya pili: "Mtihani wa Kujiunga", na mwaka. Mwaka huu.

Nilikuwa nimemfundisha Chiriku maneno mengi ya hali hiyo: kushangaa, kustaajabu, kuduwaa, kupigwa na butwaa, kushikwa na bumbuwazi. Nilimwambia yote ni yaleyale. Siku hiyo nilijua kwamba si yaleyale hata kidogo, kwa sababu yalinijia moja moja, na la mwisho lilinikalisha kitini nikiwa na kadi mkononi na chai inanidondokea kwenye viatu.

Mdogo wangu alikuwa ametuambia kwamba kiwandani kuna chumba kimefungwa, walinzi wawili mlangoni, na kwamba mabaki ya chumba kile yote yanachomwa moto. Bila shaka kuna gunia moja ambalo halikufika motoni. Limewekwa pamoja na magunia ya Ijumaa, naye akajichukulia furushi lake kama kawaida, akaliweka upande mweupe juu, akakata. Ameukata mtihani wa watoto wote wanaoitaka shule ile vipande vya kiganja na kuniletea mimi dada yake, akipiga mluzi.

Kitu cha kwanza nilichotakiwa kufanya ni kuzichoma. Najua. Hata wewe unayesoma unajua. Lakini nitasema nilichofanya. Nilifunga mlango, nikainua mkeka, nikapiga magoti sakafuni na kuanza kuziunganisha. Mstari huu kwa mstari huu, nusu ya neno kwa nusu ya neno. Nilijiambia nataka tu kuhakikisha. Nilipofika swali la kumi nilikuwa nimeshaacha kujiambia chochote. Ukurasa ulikuwa unakamilika, isipokuwa sehemu mbili.

"Usihangaike, Shangazi," sauti ikasema. "La saba na la kumi na tatu hayasomeki. Wino umeyafunika kwenye karatasi zote. Hata mimi nimetafuta."

Chiriku alikuwa amesimama mlango wa uani, kifurushi cha sukari mkononi. Huo mlango sikuufunga.

Nilitazama kile kifurushi cha sukari, si uso wake.

"Umejua tangu lini?" nikamwuliza.

"Wiki tatu. Tangu ulipoanza kunionyesha."

"Kukuonyesha nini?"

"Shangazi," akasema, kwa upole, kama anayemweleza mtoto, "si unazishika hivi?" Akanyanyua kiganja mbele ya uso wake. "Maneno yako yanakuangalia wewe. Upande huu unaniangalia mimi. Kila siku. Nilidhani ndivyo ulivyopanga. Nilidhani hutaki tu kusema kwa mdomo."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Wiki tatu mtoto huyu alikuwa ananiona mimi shangazi yake, ninayemkemea akichukua kipande cha nyama kabla ya wengine, kuwa mwizi wa mitihani. Na alikuwa amenyamaza. Ule ukimya niliousifu kwa jirani ulikuwa ni adabu ya kunifichia aibu yangu.

"Sikujua," nikamwambia. "Haki ya Mungu, mwanangu, sikujua mpaka leo."

Akaangalia sakafu, mahali nilipokuwa nimepiga magoti. Kadi zilikuwa zimejipanga vizuri, safu kwa safu.

"Baba anajua?"

"Hajui. Na asijue."

Hilo tulikubaliana hapohapo. Mdogo wangu ni mtu anayeweza kumfuata mgeni mitaa mitatu kumrudishia kitambaa alichoangusha. Akisikia, atavaa shati lake jeupe na kwenda mwenyewe kwa meneja, na meneja atamwita polisi, na hakuna atakayeamini kwamba mtu amekata mtihani bila kuusoma.

"Tutazichoma kesho," nikasema. "Leo mama yako anakaribia kurudi."

Chiriku aliweka sukari mezani, akaingia jikoni, akatoka na kiberiti. Alizizoa kadi zote, mpaka zile za zamani zenye kalenda, akazipeleka uani kwenye pipa la taka. Aliwasha mwenyewe. Nilisimama nyuma yake na, Mungu anisamehe, nilikuwa bado najaribu kulikumbuka la kumi na nane.

"Na wewe uyasahau uliyoyaona," nikamwambia, nikikaza sauti.

"Neno linasahauliwaje, Shangazi?"

Kwa siku zile zilizobaki tulisoma kwenye daftari. Mimi nauliza, yeye anajibu, lakini hakuwa ananitazama usoni. Siku ya mtihani tulimsindikiza sote. Alipotoka alisema ulikuwa mzuri, akaomba maji. Sikuthubutu kumwuliza zaidi.

Matokeo yalibandikwa ukutani, langoni pa shule, baada ya wiki mbili. Mdogo wangu alitangulia, kidole chake kikishuka kwenye orodha. Niliona kidole kimesimama. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akarudi kinyumenyume akamkanyaga mzazi mwingine bila kuomba radhi, yeye ambaye huomba radhi hata kwa milango.

Nikasogea nikasoma mwenyewe. Hesabu, thelathini na nane kati ya arobaini. Ufahamu, thelathini na saba kati ya arobaini. Visawe, mbili kati ya ishirini. Jumla sabini na saba. Aliyeshika nafasi ya thelathini, wa mwisho kuchukuliwa, alikuwa na sabini na nane.

Alama moja.

"Mbili!" mdogo wangu alikuwa anasema. "Mbili kati ya ishirini! Mwezi wa saba huu anasoma visawe tu! Mbili?"

Mimi sikuwa nimeishangaa ile mbili kwa namna yake. Nilikuwa nimeitambua. Nikamgeukia Chiriku, naye alikuwa ameegemea lango anatazama bweni, yale madirisha. Swali la saba na swali la kumi na tatu. Alijibu yale mawili ambayo hakuwahi kuyaona. Mengine kumi na nane aliyaacha wazi.

Nyumbani hakuna aliyeketi. Wifi alikuwa analia kwa kanga mdomoni. Mdogo wangu alikuwa anazunguka meza ileile ya kadi.

"Nieleze," alimwambia mtoto. "Ulilala? Uliumwa? Uliona mchezo? Nieleze tu!"

Chiriku alibana midomo. Mtoto ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa jibu alikuwa anameza mate na kunyamaza, kwa ajili ya baba yake, na baba yake alikuwa anamfokea kwa kunyamaza huko. Nikaona siri itamtoka. Au haitamtoka kamwe, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Mwache," nikasema. "Kosa ni langu."

"Kosa gani, dada?"

"Nilimfundisha vibaya. Nilimkaririsha maneno yangu ya ofisini ambayo hakuna anayeyatumia tena, nikamchanganya. Mtoto alikuwa anajua, mimi ndiye niliyemharibia."

Hakuna sentensi iliyowahi kunichoma koo kama hiyo. Wifi aliondoa kanga mdomoni akanitazama. Mdogo wangu naye alinitazama, na nikaona anaamini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba aliamini haraka vile.

"Basi inatosha, dada," akasema polepole. "Kuanzia leo usimfundishe tena mwanangu."

"Sawa," nikamjibu. Nikachukua mkoba wangu.

Nilikuwa nimefika kwenye kona ya ukuta niliposikia kandambili zinapiga nyuma yangu. Chiriku alinifikia akihema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile aliniangalia machoni.

"Ungejibu yale uliyoyajua, mwanangu," nikamwambia. "Mengine nilikufundisha kabla ya furushi lile la mwisho. Moja tu! Ungejibu moja tu zaidi!"

"Nilijaribu, Shangazi. Lakini kila nikitazama neno, nilikuwa sijui nalijua mwenyewe au nililiona. Yale mawili tu ndiyo niliyokuwa na hakika nayo."

Gari la maji lilipita, likatupigia honi tusogee.

"Mwakani wanaruhusu kurudia mara moja," akaendelea. "Baba atapoa. Ila tutatumia daftari jipya, nitanunua mimi."

"Utanunua wewe," nikasema.

Tukatembea kidogo. Kisha akauliza, bila kunitazama safari hii, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa.

"Shangazi, siku ile, kama nisingeingia, ungemaliza kuzipanga?"

Visawe vya uongo nilivijua vyote, na vilinijia kwa mpigo. Nilivisikia vimejipanga ulimini, vizuri, tayari.

"Ndiyo," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa. Akanipokea mkoba, akauning'iniza begani kwake, akanisindikiza mpaka barabarani.