Swali la Katekista

Mzee alikuwa katekista, na katekista haulizi swali asilolijua jibu lake. Wanawe watatu walilelewa hivyo. Hata uji hawakunywa bila kuhojiwa kwanza. Sasa asubuhi ile, alipokwisha kupakwa mafuta ya wagonjwa, akasema waingie mmoja mmoja awaage, kama Yakobo alivyowaaga wanawe kabla ya kufa. Binti wa kati akaogopa. Yakobo huyo hakuwa mtu wa kumung'unya maneno: kifungua mimba wake mwenyewe alimwambia wazi kwamba ukubwa amekwisha kuupoteza.

Na binti alikuwa na lake. Alikwenda utawani, akatoka kabla ya nadhiri, akarudi nyumbani na sanduku mkononi. Baba alimtazama, akaingia chumbani. Tangu hapo wamezungumza mvua, wamezungumza dawa na bei ya sukari. La utawani halijaguswa. Siku hizi anatengeneza friji, na kaka yake mpaka leo anamwita Sista.

Kaka mkubwa aliingia kifua mbele, akatoka anafuta macho.

"Kakwambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Kaniuliza swali."

"Swali gani?"

"Langu hilo. Subiri lako."

Binti akamwachia kitinda mimba atangulie. Naye akaingia, akatoka analia na kucheka kwa pamoja, na mdomo kaufunga vilevile. Haya, mtu afanyeje? Binti alikuwa amebandika sikio mlangoni muda wote, asiambulie ila kikohozi.

"Sista, kusikiliza mlangoni ni dhambi," kaka akamtania.

"Nitaiungama Jumamosi. Nipishe."

Chumba kilinuka dawa ya kuchua na mshumaa uliozimwa. Alipiga magoti kando ya kitanda, majibu yake yote kayapanga kichwani: kwa nini alitoka, nani alimshauri, kama bado anasali. Mzee hakuuliza hata moja.

"Siku ile uliporudi na sanduku," alisema, pumzi zikimkatika, "nilinyamaza. Nimeliwaza sana jambo hilo. Mwanangu, ulitaka nikwambie nini?"

Akamkazia macho, akingoja. Uso ule haukuwa wa mwalimu. Ulikuwa wa mtu asiyejua na anayetaka kujua, na binti hakuwahi kuuona kwa baba yake. Majibu aliyoyapanga yote yakampotea. Alisikia uchungu, na hasira pia alisikia: neno dogo vile, miaka yote ile!

"Nilitaka uniambie karibu, baba. Basi."

Mzee alifumba macho. Binti akadhani amelala, akaogopa kudhani zaidi. Kisha mkono ukainuka, ukapapasa mpaka ukalipata paji la uso wake, ukachora msalaba polepole.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Pole na safari."

"Nimeshapoa, baba," akajibu, na kichwa akakilaza palepale kitandani.