Mapambo ya Marudio

"Anzia juu!" nikamwambia Nakhumicha kwa mara ya sijui ngapi, mkono wangu ukiwa hewani kama wa askari wa trafiki. Akaanzia chini.

Tulikuwa kanisani Kimumu, mvua ya Julai ikipiga mabati, mimi kwenye kinanda, yeye amesimama na koti lake. Mchana alikuwa karani katika duka la mbolea. Jioni alikuwa na koo la kuonewa wivu. Haleluya aliyokuwa anajifunza ilitungwa Ulaya yapata miaka mia tatu iliyopita. Nyimbo za wakati ule zina desturi yake: mara ya kwanza unaimba kama ilivyoandikwa, na sehemu hiyo ikirudi, unaipamba mwenyewe. Unakimbiza noti, na karibu na mwisho unachezesha mbili jirani harakaharaka, ukianzia ile ya juu.

Mapambo hayo ndiyo kazi yangu. Hayafundishiki kwa maelezo. Mwalimu huimba, mwanafunzi huiga. Lakini Pasaka mwaka huo nilifanyiwa upasuaji wa shingo kuondoa uvimbe wa tezi, na daktari alinionya kwamba neva inayoendesha sauti inapita papo hapo. Sauti ya kuongea ilirudi. Ile ya kukimbia sikuijaribu, hata bafuni. Kama ilikuwa imekwenda, sikutaka kujua. Basi nikafundisha kwa mikono, kwa kinanda na kwa maneno mengi, na aliyeniuliza nilimwambia bado nimekatazwa kuimba. Daktari alikuwa ameniruhusu zamani.

Nakhumicha akaanzia chini tena, halafu akamwaga madoido mpaka haleluya yenyewe haikutambulika. Nikapandwa na hasira.

"Si hivyo! Ni hivi!"

Nikaimba.

Sauti ikakimbia. Ikapanda, ikachezacheza pale juu, ikatua. Vidole vyangu viliganda juu ya kinanda. Nakhumicha, maskini, hakujua lolote.

"Bado sijashika, Madam. Hebu rudia, lakini polepole."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Ile ya kwanza ilinitoka kwa hasira, na huenda ilikuwa bahati tu. Niligusa kovu chini ya skafu, nikavuta pumzi, nikaimba nikijua ninachofanya. Noti moja ilikwaruza. Zilizobaki zilipita zote, nyepesi, kila moja mahali pake. Nikaanza kucheka huku machozi yananitiririka, mabega yamenilegea kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi.

"Madam, ni mimi nimekukosea?"

"Hapana. Sikiliza."

Nikarudia. Safari hii aliimba pamoja nami, akaanzia juu, akashuka vizuri mpaka mwisho.

"Nimeshika!" akapiga makofi. "Madam, sasa nimeshika!"

"Ngoja kwanza," nikamwambia, nikarudia tena.